Mti wenye majina mawili

Bibi alinipigia simu Jumapili moja asubuhi, chai hata haijachemka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na bila kuulizia habari za mjini akaenda moja kwa moja kwenye shida yake: mlango umeanza kuburuza chini.

Nyumba ya Bibi ipo Pangani, mji mkongwe ulio mdomoni mwa mto wa jina hilohilo. Mlango wake wa mbele ni wa mbao mbili zinazofunguka kwa ndani, na katikati unasimama mti mrefu uliopigiliwa kwenye ubao mmoja. Mti huo ndio unaoziba mwanya pale mbao mbili zinapokutana. Masika yanaupiga chini kila mwaka, tangu kabla mama yangu hajazaliwa.

"Mfaa umeoza mguu, mwanangu," alisema. "Si unaniambia siku hizi unajifunza useremala? Basi njoo unitilie mguu mpya."

Nikamwuliza mfaa ni nini.

Bibi alinyamaza. Nilimsikia jogoo wa jirani yake akiwika. Kisha akanieleza polepole kwamba ule mti wa katikati ndio mfaa, na zile nguzo mbili za pembeni zinazobeba mlango ni miimo. Nina miaka 34. Likizo zote za utoto wangu nimeuegemea mti ule nikila maembe, na kuna mwaka niliukwaruza kwa msumari nikaandika herufi za jina langu, nikachapwa. Jina langu nililiandika juu yake. Jina lake sikulijua.

Mimi ni mhandisi wa programu. Naishi Dar es Salaam, na kazi yangu ni kutengeneza na kutunza programu ya simu inayotumiwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Watu wengi hudhani kazi hii ni hesabu. Hesabu zipo, lakini sehemu kubwa ya siku naitumia kuvipa vitu majina. Kila kitu ndani ya programu lazima kiitwe: mkopo, rejesho, mwanachama, mwanachama aliyechelewa, mwanachama aliyechelewa lakini ametoa taarifa. Ukikipa kitu jina baya leo, mwenzako atakosea kesho kwa sababu ya jina hilo, na kosa lake litaangukia pesa za watu. Majina yote hayo nayaandika kwa Kiingereza, maana lugha za kompyuta zimejengwa juu ya Kiingereza na kila mhandisi anayekuja baadaye anategemea kukuta hivyo. Tukiongea ofisini tunaongea Kiswahili cha viraka: seva imedondoka, nimekomiti, nimepushi, ngoja nidibagi. Sikuwahi kuona tatizo hapo. Siku ile nilipokata simu ndipo nilipoona kwamba nimeimaliza miaka 10 nikivibatiza vitu visivyoshikika, huku vitu ninavyovishika kila siku sivijui kwa majina.

Nje ya kazi napenda mambo matatu: kutembea msituni, useremala na kusoma. Kila moja lilianza kivyake, na kwa muda mrefu niliyaweka mbalimbali, kila moja na siku yake. Mlango wa Bibi ndio uliokuja kuyakutanisha.

Kutembea kulianza kwa sababu ya macho. Daktari aliniambia niwe natazama mbali kila baada ya muda. Dirishani kwetu ofisini, mbali ni ghorofa jingine. Rafiki yangu mmoja akanichukua Jumamosi akanipeleka Pugu. Unapanda daladala hadi Gongo la Mboto, unaunganisha hadi Pugu Kajiungeni, unashika barabara ya Kisarawe, na ukishaingia chini ya miti joto la mji linakuacha kama mtu aliyekuwa amekushika bega akaondoa mkono. Wakazi wengi wa Dar wanaijua Pugu kwa mnada wa ng'ombe, au kwa shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kujiuzulu mwaka 1955 aingie moja kwa moja kwenye siasa. Msitu wenyewe wachache wanaufikiria. Pugu na ndugu yake Kazimzumbwi leo ni hifadhi moja ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ni mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani ilitanda kwa upana zaidi. Ndani yake wamo viumbe wasiopatikana popote duniani ila kwenye ukanda huu wetu mwembamba wa pwani.

Mwanzoni nilitembea kama ninavyofanya kazi: kwa kasi, nikihesabu hatua kwenye saa. Kijana aliyetuongoza alinivumilia kama nusu saa, kisha akanishika mkono wa shati akanionyesha chini ya kichaka. Palikuwa na mnyama mdogo, asiyefikia panya buku kwa ukubwa, mwekundu mabegani na mweusi mgongoni, mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga. Alikuwa akipekua majani makavu kwa pua ile, kwa haraka na kwa mpangilio, jani moja baada ya jingine, kama karani mwenye mafaili. "Sange huyo," kijana alininong'oneza. Nimeishi saa moja na nusu ya daladala kutoka kwa mnyama yule maisha yangu yote ya mjini. Tangu siku ile saa naiacha nyumbani.

Huko ndiko nilikojifunza kumjua hondohondo kabla sijamwona, maana sauti yake inafanana na mtoto mchanga anayelia kwa uchovu, na mara ya kwanza nilisimama nikatafuta nyumba. Nimeona pia mambo ya kuumiza: visiki vibichi, na mabaka meusi ya ardhi iliyoungua palipokuwa na tanuri la mkaa. Siwezi kuandika kuhusu Pugu nikaficha hilo. Mkaa ule unapikiwa kwetu, mjini.

Siku hizi naenda mbali zaidi. Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, safari haifiki saa mbili, na mtu akiondoka alfajiri anaweza kuwa mlimani Uluguru jua likiwa bado changa. Kilele cha Lupanga kinazidi mita 2,100, na njia yake ni mizizi na matope tupu. Unapanda kwa mikono kama kwa miguu. Ng'ambo yake unaiona Bondwa yenye minara ya mawasiliano, na mimi kila nikiiona huwaza ni jumbe ngapi za rejesho na mkopo zinapita juu ya ukungu ule. Lakini moyo wangu upo Pugu, pa karibu, panapochukuliwa poa.

Useremala nao ulianzia kwenye rafu ya vitabu. Niliyonunua dukani, ya chipubodi, ilipinda kabla ya mwaka kuisha. Nikaenda Keko, kule mafundi wanakopanga vitanda na makabati hadi pembezoni mwa barabara, ili nitengenezewe ya mbao za kweli. Nilipokwenda kuangalia kazi imefikia wapi nilikaa kutwa nzima. Jumamosi iliyofuata nikarudi, na rafu ilikuwa imeshakamilika. Ya tatu nikamwomba fundi anifundishe.

Fundi ni mzee wa Ujiji. Ujanani aliunda boti za ziwani, Tanganyika, na bado anayo tezo yake ya wakati ule, mpini wake umelika pale vidole vinaposhika. Simtaji jina, kwa kuwa hata pale Keko hakuna anayemwita ila Fundi. Jumamosi tatu za kwanza hakunipa mbao hata moja. Alinipa patasi, ulimi wa randa na jiwe la kunolea. Kazi ilikuwa kunoa, kujaribu makali kwenye nywele za mkono, kurudi kunoa. Nilipofika nyumbani vidole vilikuwa vyeusi hadi Jumatatu. Jumamosi ya nne akafunga kipande cha msindano kwenye jiriwa, akanipa randa, akasema "Haya." Nikasukuma. Ukatoka utepe mmoja mrefu, mwembamba kiasi kwamba ungeweza kuona kidole chako ng'ambo yake, ukajikunja ukaanguka miguuni pangu. Nikamwuliza unaitwaje. "Maranda, mwanangu. Mtoto wa randa ni maranda." Nimeuweka ndani ya kitabu hadi leo.

Kwa hiyo Bibi alipopiga simu, nilikwenda Pangani wikiendi iliyofuata kupima. Fundi alikuwa amenielekeza: usiung'oe mfaa wote, misumari yake ya zamani itaupasua. Ukate palipooza tu, kwa mshazari mrefu, ubaki mti mzima juu. Mguu mpya utalalia mshazari huo. Nilikata nikapata kipande cha futi moja na nusu, chini kikiwa laini kama mkate uliolowa, juu kigumu kiasi cha kuchosha msumeno. Nikachora umbo la mshazari kwenye boksi, nikalikata kwa mkasi, nikalibeba. Bibi alikuwa na sharti moja: "Huo ni mbambakofi. Usiniletee mti mwingine hapa."

Keko nzima hawakuwa na mbambakofi. Niliuliza kwa wauza mbao mmoja baada ya mwingine. Mninga upo. Mkongo upo. Msaji upo, huu wa kupandwa. Mvule kwa kuagiza. Msindano wa Mafinga umejaa hadi mlangoni. Mbambakofi? Walinitazama. Mmoja alidhani nataka aina ya rangi. Nilitafuta kwenye intaneti nikapata jina la Kilatini, Afzelia quanzensis, nikalirudisha Keko kwenye simu yangu kama vile ni nenosiri, na bila shaka halikufungua kitu. Ningeusoma ukurasa ule hadi mwisho huenda ningeokoa Jumamosi mbili. Nilikuwa na haraka, nikapata nililodhani nalitafuta, nikafunga.

Jibu lilikuwa Pugu, chini. Tulikuwa tukishuka bondeni, mimi na yule kijana wa siku zote, nikakanyaga kitu kikavunjika kwa mlio. Ganda la mbegu, nene na gumu kama ubao, refu kama kiganja. Lilikuwa limepasuka katikati, na ndani yake mbegu zimelala kila moja kwenye kishimo chake cheupe. Mbegu nyeusi, inayong'aa kama imepakwa mafuta, na kichwani imevaa kofia nyekundu iliyokaribia rangi ya chungwa. Nikiwa na umri wangu huu nilichuchumaa nikaziangalia kama nimefunua sanduku la mtu.

"Mkongo huo, dada," kijana alisema, akainua kidole. Juu yetu mti ulikuwa umetandaza matawi kila upande, gome lake likibanduka vipande vya mviringo.

Nikamwuliza kama anajua jina lake la kitaalamu. Alisomea misitu, alilitaja bila kufikiri. Lilikuwa lilelile lililokuwa kwenye simu yangu wiki tatu.

Nikapiga picha nikaituma kwa mtoto wa jirani yake Bibi. Haikupita robo saa ikaja sauti ya Bibi, ameishika simu karibu mno na mdomo: "Hizo si mbegu za mbambakofi hizo? Umezipata wapi? Kaka zetu walikuwa na komwe zao za bao, na sisi wasichana tuna hizi, tunazitoboa, tunatunga. Yalaa, sijaziona miaka mingapi!" Kisha akacheka, na nyuma yake nikamsikia akimwonyesha mtu picha.

Mkongo, mbambakofi. Bara wanasema hivi, pwani ya Tanga na Mombasa wanasema vile, na mti ni mmoja. Kwenye kazi yangu jambo hili tunakutana nalo kila wiki: mwanachama ameandikishwa mara mbili, mara moja kwa jina la kitambulisho na mara ya pili kwa jina analoitwa mtaani. Sisi tunaliita kosa, tunaandika programu ya kulifuta, jina moja linabaki na jingine linatupwa. Nilikaa pale chini ya mkongo nikajiuliza nimeshatupa majina mangapi ambayo yalikuwa ya kweli. Sasa hivi programu yetu ina namba moja kwa kila mtu, na chini ya namba hiyo majina yake yote yanakaa, mtaani na kitambulishoni. Ilikuwa kazi ya siku nne. Nilikuwa nimeikwepa miaka miwili.

Fundi alipojua ninachotaka alicheka kwa huruma, akanipeleka kwa muuzaji anayemwamini, mwenye hati za mzigo wake. Alichagua kwa kugonga kwa konzi, kwa kunusa, na kwa kutazama kichwa cha ubao palipokatwa. Mkongo ni mzito na wa rangi ya udongo mwekundu, na vinyweleo vyake vina vumbi la njano; ukilifuta kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kinabaki na manjano. Tulichukua ubao mrefu kuliko tulivyohitaji. Nilisema futi mbili zatosha. Fundi akasema, "Tuchukue tano." Kisha akauweka juu ya boriti za banda lake, kivulini, akaniambia nirudi baada ya wiki tano. Mbao mbichi ina hila. Ukiifunga leo kesho imejinyonga.

Wiki tano hizo nilizitumia kusoma, na kwa kuwa kichwa changu chote kilikuwa Pangani, nilizisoma barua za Shaaban Robert. Wengi tulikutana naye shuleni kama jina la mtihani: kuzaliwa 1909, kufariki 1962, taja maudhui. Barua ni jambo jingine. Ni zile alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958, na zimekusanywa zikawa kitabu. Humo yumo mtumishi wa serikali mwenye mshahara, uhamisho na familia. Alikuwa karani wa forodha, na Pangani ni moja ya vituo alivyofanyia kazi. Baadaye akahamia idara ya mifugo, kisha ofisi ya wilaya Tanga, kisha upimaji. Miaka zaidi ya thelathini ya ofisi za wakoloni, ambako lugha ya wakubwa ilikuwa Kiingereza, na katika miaka hiyohiyo akaandika mashairi, insha na riwaya kwa Kiswahili ambazo bado tunazisoma. Hakuwa mwandishi aliyepewa nafasi ya kuandika. Alikuwa mtu mwenye kazi, kama mimi na wewe, aliyeipenda lugha kiasi cha kuitafutia muda wake.

Huwa nasoma na penseli na daftari dogo. Zamani niliandika humo mawazo makubwamakubwa. Sasa naandika maneno. Yapo ya msituni, ya Keko, ya vitabuni na ya Bibi, yamechanganyika: sange, maranda, jiriwa, komwe, miimo, mfaa. Na nimeanza kuyaona upya hata maneno ya kazi yangu niliyoyadharau. Kuvinjari, tunalosema la intaneti, mabaharia walilitumia kwa chombo kinachozungukazunguka majini kikichungulia. Kupakia na kupakua ni maneno ya bandarini. Jahazi linapakiwa, likifika linapakuliwa. Bibi, ambaye hajawahi kupakua faili, analitumia neno hilo kila siku mchana, wali ukiiva. Waliotuchagulia maneno haya walijua walichokuwa wanafanya, na mimi kwa miaka nilikuwa nikisema "kudaunilodi" nikidhani ndiyo njia fupi.

Hapo ndipo nilipolifungua upya jambo lililokuwa likinisumbua. Programu yetu ilikuwa na ujumbe niliouandika mwenyewe, kwa kutafsiri neno kwa neno kutoka kwenye maandishi ya Kiingereza ya mfumo: "Kipindi chako kimeisha muda wake. Tafadhali jithibitishe upya." Ulitokea mtu akikaa dakika 10 bila kugusa simu. Usiku mmoja mweka hazina wa kikundi, mama mtu mzima, alipiga simu ya msaada akitetemeka. Kwenye kikundi chao, kipindi ni muda wa mkopo. Alielewa kwamba mkopo umefika mwisho, hawajalipa, na kesho watu watakuja kubeba mali zao. Alikuwa ameshawaamsha wenzake wawili. Nilisikiliza simu ile iliyorekodiwa mara mbili. Sikuweza kuisikiliza ya tatu.

Ujumbe mpya ulinichukua siku nzima, na ni sentensi tatu: "Umekaa dakika 10 bila kugusa simu. Tumefunga mlango ili mtu mwingine asiingie. Andika neno lako la siri ufungue." Wenzangu waliuliza kwa nini mlango. Nikawaambia ni kwa sababu kila mtu anao.

Wiki tano zilipoisha nilikata mguu wa mfaa. Nililaza kiolezo changu cha boksi juu ya ubao, nikachora kwa penseli, nikakagua, nikakata mshazari taratibu kwa msumeno wa mkono kwa muda wa karibu saa nzima, vumbi likinichoma pua. Nilipokisimamisha kipande nikaona. Nilikuwa nimelaza boksi kifudifudi. Mshazari ulielekea upande usio wake. Kushoto kumekuwa kulia. Futi moja na nusu ya mkongo uliosubiriwa wiki tano.

Fundi alikuja akatazama. Hakusema neno. Alikiokota kipande akakiweka rafuni, kisha akachukua ule ubao, uliobaki futi tatu na ushee, akaulaza tena mezani mbele yangu. Akageuza boksi upande wa sawa, akaandika juu yake kwa penseli neno moja: MBELE. Halafu akarudi kwenye kabati lake.

Mguu wa pili ulitoka vizuri. Jioni alinionyesha jinsi ya kuufunga: matundu mawili yanatobolewa kwa keekee kupita mshazari mzima, na yanajazwa misumari ya mti iliyochongwa ikaza. Hivyo, alisema, ndivyo walivyounga mkuku wa boti kule Ujiji, mti mmoja ukiwa mfupi kuliko chombo. Misumari ile alinichongea mwenyewe kwa patasi, akizungushazungusha kidogokidogo, kutoka kwenye kipande nilichokiharibu.

Nilisafiri na mguu wa mfaa mapajani, umefungwa kwenye khanga, kutoka Dar hadi Tanga na kutoka Tanga hadi Pangani. Kondakta aliuliza kama ni mtoto. Bibi alitoa kiti akakaa barazani tangu nilipoanza hadi nilipomaliza, na kila aliyepita njiani aliambiwa ninachofanya. Mshazari wa juu na wa chini ulilaliana. Nilihitaji kurudisha patasi mara tatu tu, upande wa kulia, unene wa karatasi. Nikatia gundi, nikatoboa, nikagonga misumari miwili ya mti hadi ikabadili sauti. Mpya ni mwekundu na wa zamani ni karibu mweusi, na mstari unaonekana kutoka barabarani. Herufi zangu za utotoni zimebaki juu ya mstari, kiasi cha kidole kimoja.

Bibi aliinuka, akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Haukuburuza. Akapitisha kiganja kwenye mti mpya kuanzia juu hadi chini, akanusa kiganja.

"Mbambakofi," alisema.

"Mkongo, Bibi."

"Haya, na mkongo." Akageuka kuingia ndani. "Nenda kanawe mikono. Mimi napakua."